Refa Ogutu na Siku ya Sita

Fidel Ogutu alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilimpa mshahara. Alikuwa msimamizi wa jengo la ofisi huko Westlands, jengo la orofa kumi na moja. Taa ikiungua, anaitwa yeye. Bomba likivuja, anaitwa yeye. Lifti ikikwama na watu ndani, wanampigia simu yeye kabla ya kumpigia fundi.

Kazi ya pili haikumpa kitu ila jasho, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Kila Jumamosi mchana alivaa kaptura nyeusi na soksi nyeupe, akaenda kuwa refa katika uwanja wa Uthiru, karibu na nyumbani kwake. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Hata hivyo, mpira ulipokimbia, naye alikuwa pale pale. Wachezaji walisema refa huyu hana spea tairi tumboni, yote ni injini.

Mwaka jana injini hiyo ilianza kusumbua. Moyo wake ulienda sawa asubuhi nzima, kisha bila sababu ukaanza kurukaruka kifuani kama kuku aliyefungiwa kwenye gunia. Kichwa kikawa chepesi. Ngazi za orofa mbili zikamshinda. Mkewe, Namalwa, aliyekuwa mpishi wa shule, akamlazimisha aende hospitali.

Huko Parklands, Daktari Wanjira alimweleza kwa upole. Moyo hupiga kwa sababu ya umeme mdogo unaopita ndani yake. Umeme wa Ogutu ulikuwa umepotea njia. Dawa zilijaribiwa, hazikutosha. Basi wakamtibu kwa njia nyingine. Walipitisha mirija myembamba kwenye mshipa wa kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Mirija ikapanda hadi moyoni. Huko wakachoma sehemu ndogo ndogo zilizokuwa zikipotosha ule umeme.

Ogutu alirudi nyumbani siku ya pili. Hakupasuliwa kifua. Kwenye kinena alikuwa na kitundu ambacho kingeweza kufunikwa na punje ya hindi. Alijiangalia bafuni, akashangaa kwamba moyo wa mtu mzima unaweza kutibiwa kupitia hapo.

Walimpa dawa ya kuzuia damu kuganda, tembe moja asubuhi na moja jioni. Pia walimpa karatasi ya maagizo. Muuguzi alimsomea mstari kwa mstari. Ogutu aliitikia kwa kichwa kila mara, lakini mawazo yake yalikuwa yameshafika Uthiru. Nyumbani, karatasi iliingia kwenye droo pamoja na risiti za stima.

Siku ya sita ilikuwa Jumamosi. Namalwa alikuwa ameenda sokoni Kangemi. Ogutu alikuwa ameketi mlangoni akiota jua, moyo wake ukipiga taratibu, sawa sawa, kwa mara ya kwanza katika miezi mingi. Ndipo Maina, kapteni wa timu moja ya hapo mtaani, akaingia getini mbio.

"Niaje, refa?"

"Poa. Mbona unahema?"

"Refa wa leo amekwama Naivasha. Timu zote mbili zimefika. Tusipocheza leo, mechi inafutwa."

"Mimi nimetoka hospitali juzi, Maina."

"Najua, refa. Lakini unaonekana poa kuliko mimi. Chezesha nusu ya kwanza tu. Huyo mwingine atakuwa amefika."

Ogutu aliuangalia mguu wake. Haukuuma. Alijigusa kifua. Kilikuwa kimetulia. Alijiambia kwamba nusu moja si mechi nzima. Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Dakika ishirini za kwanza zilienda vizuri. Alikimbia kidogo, akasimama sana, akatumia sauti kuliko miguu. Kisha timu ya Maina ikanyang'anya mpira nyuma na kuupiga mbele kwa nguvu. Washambuliaji wawili wakachomoka. Ogutu akasahau kila kitu. Akachomoka nao.

Katikati ya mbio alihisi kitu kimeachia kwenye kinena, kama uzi uliokatika. Hakikuuma. Kisha akahisi joto likishuka kwenye paja. Akafikiri ni jasho. Aliendelea kukimbia hadi karibu na goli.

Mshambuliaji mmoja alisimama na mpira miguuni. Hakupiga. Alikuwa akimwangalia refa.

"Refa, mguu wako," alisema.

Ogutu aliinama. Soksi ya kulia, iliyokuwa nyeupe, ilikuwa nyekundu kutoka gotini hadi kwenye kiatu. Kwa muda kidogo hakuelewa damu ile ni ya nani. Alimtazama mchezaji, akitafuta jeraha lake. Kisha akaona kaptura yake nyeusi imelowa na kunata kwenye paja.

Mchezo ukasimama.

Maina ndiye aliyewahi kumshika. Wakamketisha kwenye benchi. Mmoja akaleta soda ili apate nguvu. Mwingine akavua jezi, akaifunga kwa nguvu juu ya goti. Damu iliendelea kushuka, ikadondoka kwenye nyasi chini ya benchi. Ogutu aliitazama ikidondoka kana kwamba ni ya mtu mwingine. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa baridi.

"Nani aliwaambia mumketishe?"

Alikuwa Munyiva, jirani yao, aliyejua jinsi Ogutu alivyotibiwa. Munyiva alikuwa muuguzi katika kliniki ya moyo, na siku hiyo alikuwa akirudi kutoka kazini kwa njia ya kando ya uwanja. Alikuwa bado amevaa sare yake. Hakupaza sauti. Alitupa mkoba chini na kupiga magoti.

"Mlalisheni chini. Chali kabisa. Mguu unyooke. Toeni hiyo soda."

Wakamlaza.

"Baba Ivyne, niangalie mimi," Munyiva alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye. "Walipitia kinena gani?"

"Cha kulia."

"Samahani, sasa hivi hakuna aibu." Alikunja jezi safi aliyopewa na mchezaji, akaiweka juu ya kitundu, akakandamiza kwa mikono miwili na uzito wake wote. "Maina, piga simu hospitali iliyo karibu, omba ambulensi. Waambie mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, anavuja kinenani. Sema hivyo hivyo."

"Sista, si ufungue kidogo uone kama imeisha?" mtu mmoja aliuliza.

"Sifungui. Ukifungua kuchungulia, unaanza upya."

Alikandamiza dakika kumi, kisha kumi nyingine. Mikono yake ilichoka, lakini haikusogea. Damu ikapungua, halafu ikasimama. Ambulensi ilipofika, Namalwa naye alikuwa amefika na kiondo cha mboga mkononi. Alimwona mumewe amelala kwenye nyasi, mweupe midomoni, watu wamemzunguka. Kiondo kikamponyoka. Hakulia. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Ogutu alilazwa siku mbili. Kitundu kilifunga tena. Paja lake lote likawa na rangi ya zambarau, kana kwamba amepigwa na rungu. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, aliambiwa aendelee na dawa zake kama kawaida.

Lakini yale aliyoyaona uwanjani yalikuwa yamekaa kichwani mwake. Kila alipofunga macho aliona ile soksi. Akaanza kufikiri peke yake, na mtu aliyeogopa akifikiri peke yake hufika mbali. Alijiambia hivi: dawa hii inafanya damu iwe nyepesi. Damu yangu ilikataa kusimama kwa sababu ya dawa hii. Basi adui yangu ni hii dawa.

Akaacha kuimeza. Hakumwambia Namalwa. Asubuhi na jioni alichukua tembe, akaenda nayo kwenye sinki, akafungua maji.

Jioni ya siku ya nne tangu aache dawa, Munyiva alikuja kumwona. Alipewa chai. Wakaongea kuhusu mvua na kuhusu barabara ya Waiyaki. Kisha Munyiva akauliza, "Dawa unameza vizuri?"

"Vizuri."

"Na tumbo haliumi? Wengine huumwa kidogo."

"Haliumi."

Namalwa, aliyekuwa akimwaga majani ya chai, akasema kutoka jikoni, "Sista, hizo tembe ni za rangi gani?"

"Za waridi. Kwa nini?"

"Kuna moja imekwama hapa kwenye sinki."

Munyiva aliweka kikombe chini polepole sana.

"Umeruka ngapi, Baba Ivyne?"

Ogutu aliangalia sakafu. "Nane."

Munyiva alifumba macho. Namalwa alikuwa amesimama mlangoni na ile tembe kwenye kiganja. Ilikuwa imeyeyuka nusu.

"Damu ilinitoka kama bomba, Sista," Ogutu alisema. "Wewe mwenyewe uliona. Sasa nimeze kitu cha kuizuia isigande?"

"Ilitoka kwa sababu ulikimbia kabla ya kitundu kupona. Kitundu cha nje ni kidogo, lakini mshipa uliotobolewa ni mkubwa. Dawa ilifanya isisimame upesi, hiyo ni kweli. Lakini sikiliza nikwambie kazi yake nyingine. Ndani ya moyo wako kuna sehemu zilizochomwa. Ni vidonda vibichi. Damu ikipita pale inaweza kuganda. Bonge dogo likikatika linaenda wapi?"

Ogutu alijigusa kifua.

"Linapanda kichwani," Munyiva alisema. "Hicho ndicho kiharusi. Mwaka huu nimemhudumia mwalimu mmoja. Alitibiwa kama wewe. Alijisikia mzima, akaacha dawa wiki ya pili. Siku hizi mkewe humfunga vifungo vya shati. Anataka kusema 'maji', anasema 'mlango'. Anajua amekosea neno, analia."

Namalwa alikuja, akaketi karibu na mumewe. Hakumgombeza. Alichukua mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaangalia vidole kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu vitu vilivyookolewa kwenye moto. Ogutu alikuwa amekaa siku nne kando ya shimo, na alidhani amekaa mahali salama.

Munyiva alimpigia simu Daktari Wanjira palepale. Daktari alimwuliza Ogutu maswali mengi. Uso haujapinda? Mkono hauna ganzi? Maneno hayajakwama? Ogutu hakuwa na dalili hata moja. Akaambiwa ameze tembe moja sasa hivi, na aendelee kwa saa zake. Asimeze mbili kufidia zilizopotea. Kesho yake aende kliniki apimwe. Na asiache dawa hii mpaka daktari mwenyewe aseme.

Alipimwa, akakutwa salama. Tangu siku hiyo Namalwa alishika saa na dawa. Na tangu siku hiyo Ogutu akageuka kuwa mtu wa kiti.

Aliketi asubuhi. Aliketi mchana. Akitaka maji, aliletewa. Akiinuka, Namalwa aliuliza unaenda wapi. Binti yao Ivyne, anayesoma chuoni Eldoret, alipiga simu kila jioni kuuliza kama baba ametulia. Ogutu alikuwa ametulia kupita kiasi. Alikuwa ameuogopa mwili wake mwenyewe.

Wiki ya nne ya kukaa hivyo, asubuhi moja, akiwa kwenye kiti kile kile, moyo wake ulianza kurukaruka.

Hakuwa amekimbia. Hakuwa amebeba kitu. Alikuwa akila mkate. Yule kuku wa kwenye gunia alikuwa amerudi. Ogutu alishika ukingo wa meza. Dakika moja ikapita, ikapita ya pili na ya tatu. Kisha moyo ukatulia wenyewe.

Namalwa alipotoka chumbani alimkuta akilia kimya kimya, mkate bado mkononi.

"Imerudi," alisema. "Yote ilikuwa bure."

Walienda Parklands siku hiyo hiyo. Daktari Wanjira alimpima moyo kwa mashine, akasoma ile karatasi ndefu yenye mistari, akamgeukia.

"Baba Ivyne, ulianguka? Ulizimia? Kifua kiliuma?"

"Hapana."

"Ulikosa pumzi?"

"Hapana. Ulirukaruka tu."

"Basi hatuwezi kusema imerudi. Vidonda vya moyoni huchukua hata miezi mitatu kupona. Katika muda huo moyo unaweza kurukaruka mara moja moja. Umefanya vizuri kuja, lakini hili halimaanishi matibabu yameshindwa. Sasa niambie, unatembea kiasi gani kwa siku?"

Ogutu na Namalwa walitazamana.

"Sitembei, Daktari."

"Kabisa?"

"Kutoka kitandani hadi kwenye kiti."

Ilikuwa zamu ya daktari kushtuka. Aliweka kalamu chini.

"Kwa wiki tatu?"

"Nilikimbia, nusura nife," Ogutu alisema. "Sasa nikikaa pia nimekosea?"

"Ndiyo. Ni makosa mawili tofauti. La kwanza ulifanya haraka. La pili umesimama kabisa. Moyo wako umetengenezwa ili utumike. Ukikaa hivi, miguu inakonda, uzito unapanda, presha inapanda, na moyo unarudi kwenye shida. Nitakwambia namna ya kurudi, na safari hii tutaongea mpaka unielewe."

Aliongea nao karibu nusu saa. Kesho aanze kutembea dakika kumi kwenye njia tambarare, pamoja na mtu. Akizoea, aongeze dakika chache kila baada ya siku mbili tatu, mpaka afike nusu saa. Mlima baadaye. Kukimbia baadaye zaidi. Mechi, mpaka apimwe tena.

"Nitajuaje kama nimezidisha?" Ogutu aliuliza.

"Ongea na Mama Ivyne mkitembea. Kama unaweza kuongea naye bila kukata maneno, uko sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo."

"Na nikisikia vibaya?"

"Kifua kikiuma, ukihisi kuzimia, ukikosa pumzi, au moyo ukirukaruka na haukomi, simama, keti, pigeni simu mje hospitali. Uso ukipinda au mkono ukilegea, msingoje hata dakika. Na kuna jambo moja ambalo watu hulisahau. Ukipata homa, au chakula kikikuuma wakati wa kumeza, hata kama ni wiki kadhaa kutoka sasa, usinunue dawa dukani. Njoo hospitali, uwaambie ulichomwa moyoni, maana njia ya chakula hupita karibu na pale."

Namalwa alikuwa akiandika kila kitu kwa Kiswahili nyuma ya kitabu cha kliniki. Alipomaliza, alisoma kwa sauti, na daktari akamsahihisha mahali pawili.

Kesho yake walitoka getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ogutu alishika ukuta kwanza. Miguu ilikuwa kama ya kuazima. Walifika kwenye duka la kona, wakageuka. Dakika kumi. Alirudi na jasho la woga, si la kazi.

"Hujasema neno njia nzima," Namalwa alimwambia. "Nitajuaje kama unaweza kuongea?"

Siku iliyofuata aliongea. Alimsimulia kuhusu mwanamke aliyekwama kwenye lifti na keki ya harusi. Siku nyingine alimwambia ukweli kuhusu siku zile nne na sinki, jinsi alivyofungua maji kwa nguvu ili asisikie tembe ikianguka.

"Siku ile sokoni nilipigiwa simu," Namalwa alisema. "Mtu akaniambia, 'Mama, kuja, refa ameanguka.' Nilijua nimekuwa mjane. Nilikuwa nikichagua sukuma wiki, na nikaendelea kuchagua. Mikono ilikataa kuacha. Usinifanyie hivyo tena."

"Sitakufanyia tena," Ogutu alisema. Sauti yake haikukatika, ingawa walikuwa wakitembea.

Dakika kumi zikawa kumi na tano. Zikawa ishirini na tano. Alirudi kazini Westlands, na zile chupa kubwa za maji za ofisi zikabebwa na wengine. Moyo ulirukaruka mara mbili tena, muda mfupi tu, na kila mara aliandika siku na saa akaenda kumwambia daktari. Baadaye haukurukaruka tena.

Mwezi wa nne baada ya matibabu alipimwa upya. Walimtembeza kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya zimebandikwa kifuani, na Daktari Wanjira akitazama mistari. Ogutu alianza kwa hofu. Mwendo ukaongezwa. Akasubiri kuku aanze kurukaruka. Mwendo ukaongezwa tena. Moyo ulipiga haraka, kwa nguvu, lakini kwa mpangilio, kama askari wanaopita. Alishtuka. Alikuwa amesahau kwamba moyo unaweza kwenda mbio bila kupotea.

"Anza mazoezi ya kukimbia polepole," daktari alisema. "Baada ya mwezi, kama hakuna shida, chezesha mechi."

Mwezi ulipita bila shida. Jumamosi ya kwanza, Munyiva na Namalwa waliketi pamoja kando ya mstari, wakila karanga. Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wapole ajabu. Mpira ukienda mbali, waliutazama kwanza uso wa refa. Mtu alipochezewa vibaya, aliinuka bila kulalamika. Hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyemkasirisha Ogutu akaanguka. Nusu nzima ya kwanza ilichezwa hivyo, kama mazishi. Ogutu alikimbia huku na huko, akaona aibu.

Dakika ya sabini, Maina alianguka kwenye eneo la hatari. Ogutu alikuwa karibu, alikimbia akafika, akaona wazi kwamba Maina amejitupa. Akaashiria mchezo uendelee.

Maina aliinuka polepole. Alijizuia. Ilionekana wazi kwamba anajizuia. Kisha akashindwa.

"Refa, wewe ni kipofu? Hiyo si penalti? Umeenda hospitali kufanyiwa moyo ukasahau macho?"

Uwanja mzima uliduwaa. Mchezaji mmoja akamshika Maina mdomo. Namalwa akaacha kutafuna.

Ogutu alimtazama kapteni huyo kutoka kichwani hadi miguuni. Alikuwa amekimbia dakika sabini na pumzi yake ilikuwa imetulia. Akatia mkono mfukoni, akatoa kadi ya njano, akainyanyua juu kabisa.

"Nimeona vizuri sana," alisema. "Endelea kucheza."